Nani Alisema Karibu

Asubuhi ile ya Jumamosi nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa jivu. Ukoko ulikuwa umegoma. Ulikaa chini ya sufuria kama ramani ya nchi yetu, na mimi nilikuwa nimefika kwenye mikoa ya kaskazini. Jina la nchi yetu sitaliandika. Kuliandika kunahitaji kibali, na dirisha la vibali linafunguliwa Jumatano tu, saa ambazo mimi niko darasani.

Mlango wa mbele mtu akasema, "Hodi."

Nikajibu, "Karibu."

Basi, ndiyo hivyo. Hata kichwa sikuinua. Kwetu hodi inajibiwa kama chafya inavyotoka, mtu hakai akafikiria. Na angekuwa amepiga hodi mara tatu bila kujibiwa, angegeuka akaenda zake, ndivyo watu wanavyofanya. Alipiga moja tu. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Alikuwa Mgambo Lukuba. Mtaani kwetu kila mtu alimjua. Alikuwa na kitambulisho cha kukagua utulivu wa kaya. Hakuna aliyewahi kuelewa utulivu unakaguliwa vipi, ila aliukagua zaidi kwenye nyumba ambazo hazina baba. Alishaukagua kwa jirani yetu, Mama Ponsiano. Tangu siku hiyo Mama Ponsiano anafunga mlango kwa komeo, halafu anasukuma na kabati.

Nikasikia sufuria ya maharage inaanguka jikoni. Halafu nikasikia sauti ya mama, lakini haikuwa neno. Ilikuwa kama maji yanayokataa kushuka kwenye bomba.

Nilipoingia, Lukuba alikuwa amembana mama ukutani, mkono mmoja umeshika shingo. Mkono wa pili ulishika kofia yake, maana aliivua alipoingia, kwa adabu. Mama alikuwa na mwiko. Akampiga nao mara moja, kichwani. Lukuba akarudi nyuma, akakanyaga maharage, akateleza, na kisogo chake kikakutana na jiwe la kusagia. Akalala pale. Kofia hakuiachia.

*

Polisi walifika baada ya dakika kumi. Tulishangaa sana. Mama Ponsiano alipokwenda kuripoti ya kwake aliambiwa gari halina mafuta, arudi mwezi ujao na picha mbili za mshambuliaji, moja ya mbele na moja ya ubavuni.

Sajini alisimama juu ya maharage, akafungua daftari.

"Marehemu alipiga hodi?"

"Alipiga," alisema mama. Shingoni alikuwa na alama za vidole vinne upande huu, na gumba upande ule.

"Safi sana. Mtu mstaarabu. Alijibiwa?"

Kabla mama hajafungua mdomo, Mama Ponsiano akadakia dirishani, mchicha bado mkononi. "Alijibiwa, afande! Mimi nilikuwa nachambua mboga hapo uani kwangu, nikasikia kabisa, karibu! Hawa ni watu wa heshima, hawawezi kumwacha mtu anapiga hodi kama anaongea na ukuta!"

Maskini, alidhani anatusaidia.

Sajini akafunga daftari kama mtu aliyeshiba. "Basi mama, huyu alikuwa mgeni wako. Umeua mgeni."

Hapa lazima nieleze sheria, na nataka nieleze vizuri, kwa sababu sheria yetu ya kujitetea ni nzuri sana na imebandikwa posta. Kila mwananchi anaruhusiwa kutumia nguvu kujitetea. Masharti ni machache. Awe ameshambuliwa. Nguvu yake ilingane na nguvu ya mshambuliaji, isizidi hata gramu. Amwonye mshambuliaji kwa maneno, ampe na muda wa kutafakari. Na kubwa kuliko yote, aliyeshambulia asiwe mgeni, maana mgeni hashambulii. Mgeni akikushika shingo, anasalimia. Ukiwa na shida na salamu zake unaandika barua. Na mgeni ni nani? Ni mtu yeyote aliyepiga hodi akaambiwa karibu.

Aliyeingia bila kukaribishwa huyo ni mvamizi, unaweza kumpiga na chochote kilichopo mkononi, na polisi watakuja kukupongeza.

"Swali dogo la mwisho," alisema sajini. "Nani alisema karibu?"

Nikafungua mdomo. Mimi si msemaji. Shuleni mwalimu wa zamu huwa ananiandika sipo, na mimi nimekaa mbele yake. Neno lilikuwa linapanda, naapa lilikuwa linapanda, ila linapanda polepole.

"Mimi," alisema mama, haraka, kama anafunika sufuria isitoe moshi. Akaniangalia mara moja, akanyoosha mikono mbele wamfunge pingu.

*

Lukuba alizikwa kwa mizinga mitatu, kama mgeni aliyeuawa kazini. Siku ya saba, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Mama Ponsiano mtu akasema, "Hodi," halafu akakohoa kidogo, kile kikohozi cha Lukuba tulichokijua wote. Mama Ponsiano akachungulia juu ya kabati. Hakuna mtu. Ilikuwepo harufu ya dawa ya viatu tu, ile ya mgambo.

Kesho yake hodi ikapigwa kwa fundi cherehani. Keshokutwa, nyumba sita. Baada ya wiki mbili ilisikika mpaka mji mkuu, na hapo ndipo serikali ikaisikia. Waziri wa Utulivu akazungumza redioni.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imesikia kwamba mnasikia. Napenda kuwahakikishia kuwa hakuna marehemu yeyote anayeruhusiwa kupiga hodi bila kufuata taratibu. Wale wanaosikia, waache kusikia mara moja, wasubiri tamko. Msiwe na taharuki. Tumeunda tume."

Tume ilikuwa na watu kumi na mmoja na ilikaa sebuleni kwetu, maana ndiko Lukuba alikofia. Mama mdogo wangu Havijawa, ambaye alihamia kunilea, aliwaazima viti kanisani. Wakanywa chai, wakatazamana. Saa nne ikafika.

"Hodi."

Mwenyekiti wa tume alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Akainuka nusu, akatabasamu, "Ka—", na katibu wake akamziba mdomo kwa faili zima la hadidu za rejea.

Ripoti ilitoka siku hiyohiyo. Tatizo la nchi, ilisema, siyo hodi. Tatizo ni karibu. Neno hilo likasimamishwa kwa siku tisini, na badala yake wananchi wakaelekezwa kusema "Umesikika." Bango kubwa la uwanja wa ndege likafunikwa turubai. Wageni wa harusi walisimama nje ya ukumbi, pilau inapoa ndani, bibi harusi anachungulia, na baba yake anapaza sauti mlangoni, "Mmesikika! Mmesikika wote!" na hakuna anayejua kama aingie au arudi nyumbani. Shuleni tulikatazwa hata ile karibu nyingine. Mtoto mmoja alisema anakaa karibu na kisima, akachapwa. Sasa anakaa si mbali na kisima.

Watu wakacheka kidogo, halafu wakazoea. Saa nne ikifika mtaa mzima unanyamaza. Kuku wenyewe wananyamaza. Unasikia hodi inatembea mlango kwa mlango, na nyuma ya kila mlango watu wameziba midomo, baba, mama, watoto, kama picha ya familia iliyopigwa vibaya.

Kwetu, tume ilipoondoka, haikuja tena mlangoni. Kwetu ilikuwa inazunguka nyuma, pale ninaposugulia masufuria. Inasema mara moja tu, tena taratibu, karibu na sikio. Halafu inasubiri. Inasubiri muda mrefu, kama mtu anayejua alijibiwa na nani.

Na mdomo wangu, ambao haujawahi kusema kitu darasani, ulikuwa unataka kujibu. Ndicho kilichonitisha. Neno lilikuwa linapanda lenyewe, safari hii kwa haraka. Nikawa naosha vyombo nimejifunga khanga mdomoni.

"Wewe Mwaja, unaumwa jino?" mama mdogo aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

*

Kesi ilisikilizwa na Mheshimiwa Hakimu Mkwizu, ambaye alikuwa amepewa mto wa kukalia kwa kutambua mchango wake katika kukaa. Mwendesha mashtaka aliomba mama afungwe miaka thelathini, au mpaka marehemu atakapomsamehe, chochote kitakachotangulia.

Kwanza walipima nguvu. Mtaalamu wa mizani akaleta mzani wa dukani, akaweka mwiko. Gramu mia nne na ishirini. Halafu mgambo mwingine, wa umbo la Lukuba, akaambiwa aweke mikono yake miwili. Kilo saba na nusu.

Ukumbi ukaguna. Mama mdogo akanifinya paja kwa furaha.

"Mheshimiwa," alisema mwendesha mashtaka bila kutikisika, "mkono mmoja wa marehemu ulikuwa umeshika kofia. Mkono ulioshika kofia ni mkono wa heshima, hauhesabiki."

Wakapima mkono mmoja. Bado ulikuwa mzito. Wakaamua mgambo ainue kiwiko kidogo. Akainua, akainua, mpaka vidole vikagusa sahani ya mzani kama vile anaonja mchuzi. Gramu mia nne kamili.

"Nguvu imezidi kwa gramu ishirini," alisema hakimu. "Iandikwe. Sasa mshtakiwa, ulimwonya marehemu?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Sheria inasema umwambie: Bwana, nakusudia kujitetea. Maneno matatu tu. Kwa nini hukusema?"

"Shingo ilikuwa imeshikwa, mheshimiwa."

"Karani, andika: mshtakiwa alichagua kunyamaza."

Karani alikuwa mzee mmoja mwembamba anaitwa Mzee Tegemea. Kalamu yake ilisimama kidogo, halafu ikaandika.

Ndipo wakamwita Mama Ponsiano. Safari hii alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amekonda. Alijaribu kusema hakumbuki, labda ilikuwa redio, labda ni kuku.

"Kuku alisema karibu?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Kuku wa siku hizi, baba yangu..."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Mama, ulisema polisi ulisikia karibu. Nyumba ile ina watu wawili. Haiwezekani ikawa sauti ya huyu binti?"

Nikahisi macho ya ukumbi mzima yananitafuta. Mama Ponsiano aligeuka, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Huyu? Hapana mheshimiwa, kwa hilo naweza kula kiapo. Huyu mtoto hana sauti. Miaka kumi na minne namjua, sijawahi kumsikia. Hata shikamoo yake unaisoma midomoni."

Nilisimama. Naomba mniamini, nilisimama kweli. Nilifungua mdomo, na pale kizimbani mama akatikisa kichwa, kidogo tu, hapana. Nikakaa.

Hakimu alitaka kufunga ushahidi, lakini sheria yetu inadai mlalamikaji mkuu aitwe mara tatu, hata kama amekufa, kwa sababu kufa siyo udhuru unaotambulika. Askari akatoka hadi barazani.

"Lukuba! Lukuba! Lukuba!"

Watu wakaanza kukusanya mikoba.

"Hodi," ikasema nje ya mlango. Na kikohozi.

Mwendesha mashtaka aliuma tai yake. Hakimu alikuwa amezama nyuma ya meza, inaonekana kofia tu. Hodi ikasubiri. Mama pale kizimbani hakuziba mdomo. Aliutazama mlango kama anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika.

Mimi niliuma mkono wangu mpaka nikaonja chumvi.

Baada ya muda kofia ya hakimu ikasema, kwa sauti ya kiofisi, "Iandikwe kuwa mlalamikaji amefika kwa wakati. Hukumu Jumatatu, saa tatu."

*

Mzee Tegemea alinikuta kwenye korido nimekaa sakafuni.

"Binti, huo mkono unatoka damu."

Nikauficha.

"Nimekuwa karani miaka thelathini na moja," alisema, akachuchumaa kwa shida, magoti yakalia. "Nawaona wanaosimama kusema halafu wanakaa. Sikulazimishi. Ila nikusomee kitu, maana kusoma hakujakatazwa." Akatoa kitabu kidogo cha sheria kwenye mfuko wa koti. "Kifungu cha arobaini, kijisehemu cha chini kabisa, hiki ambacho hakuna anayevaa miwani ya kukifikia. Karibu ya mtoto si karibu, ni kelele."

Nikamwangalia.

"Maana yake, kama aliyejibu ni mtoto, basi Lukuba hakukaribishwa. Aliingia kwenye kelele. Ni mvamizi. Mizani inatupwa, gramu zinatupwa, mama yako anarudi nyumbani siku hiyohiyo."

Nikafungua mdomo.

"Subiri. Kuna mstari wa pili. Mtoto anayepiga kelele za namna hiyo mtu akafa, anapelekwa Shule ya Kufunzwa Kimya mpaka afike miaka ishirini na moja." Akafunga kitabu. "Nimewahi kuwaona waliotoka huko. Wametulia sana."

Akaandika namba yake ya simu kwenye kipande cha bahasha. "Mimi ndiye ninayempangia hakimu mafaili. Kitu kikinifikia kimeandikwa kabla ya Jumatatu saa tatu, naweza kukiweka juu kabisa. Sisemi nitakiweka. Nasema naweza."

*

Jumamosi mama mdogo alinipeleka gerezani. Tulikaa upande huu wa waya, mama upande ule. Alama za shingoni zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.

"Unakula?"

Nikaitikia.

"Nani anakusuka? Havijawa? Anakuvuta sana, unaona hapa pembeni imeinuka." Kidole chake kikapita kwenye waya, kikagusa unywele. "Haya, sema. Umekuja na kitu mdomoni, nakiona."

"Karani..." nilisema.

"Kifungu cha arobaini."

Nikashtuka.

"Kwani ulidhani nilisema mimi kwa kuropoka? Mama Ponsiano alipoambiwa alete picha mbili, mimi nilikwenda posta nikasoma ile sheria yote, mara mbili, nimesimama. Nilijua siku moja atafika na kwetu." Akasogea. "Sikiliza Mwaja. Mwaka huu ndio ulikuwa umeanza kuniitikia kwa sauti. Nikikuita uani, unasema bee, nakusikia mpaka jikoni. Wakikupeleka kule, miaka saba, hiyo bee hairudi. Mimi miaka thelathini naiweza. Mimi naongea na hata sahani."

"Lakini ni mimi niliyesema," nilimwambia. Nilisema kwa sauti. Askari wa zamu akageuka.

"Nani alikufundisha mtu akipiga hodi umjibu?"

"Wewe."

"Basi ile karibu ni yangu," alisema mama. "Tena ilikuwa nzuri. Niliisikia. Na usithubutu."

Kengele ikalia. Mama mdogo alilia njia nzima. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria kwamba ameisikia. Siku zote hizi nilikuwa nadhani hakuna mtu aliyeisikia ikiwa yangu, isipokuwa yule anayekuja saa nne.

*

Leo Jumapili, saa nne asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba. Sikujifunga khanga. Ikaja, ikasema karibu na sikio, ikasubiri. Neno likapanda mpaka kwenye meno. Nikalishika hapo, nikaenda nalo ndani, nikamwomba mama mdogo simu.

Sikuandika vizuri. Nilifuta mara nyingi. Mwisho nilituma hivi:

"Mzee Tegemea shikamoo. Mimi ni Mwaja, mtoto wa Sikudhani wa ile kesi ya mwiko. Aliyesema karibu siyo mama. Ni mimi, nilikuwa naosha sufuria. Nina miaka kumi na minne na cheti cha kuzaliwa kipo. Mama atakataa, msimsikilize. Mkitaka kuhakikisha sauti yangu nitakuja mapema niiseme mbele ya hakimu, nimefanya mazoezi, sasa inatoka. Tafadhali weka juu kabisa."

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na mbili. Alama ya tiki ikawa moja, zikawa mbili. Saa saba zikageuka bluu.

Chini ya jina lake pakatokea neno: anaandika.

Nilishika simu kwa mikono miwili. Nikahesabu mpaka mia mbili na kumi. Neno likafutika. Likarudi, likafutika tena.

Mama mdogo ameshalala na kesho ni saa tatu. Mpaka naandika haya, chini ya ujumbe wangu hakuna kitu.